Moja, Moja, Moja

Mjukuu wangu alikuja Ntalikwa wakati tunamenya karanga za mbegu. Akakaa kwenye mkeka na kompyuta mapajani, mahali ambapo mtu mwenye adabu angeweka ungo. Nilimwacha kwanza. Baadaye nikamwambia vidole vinavyobonyeza hapo vinaweza pia kumenya. Akacheka, akavuta karanga kidogo upande wake, asimenye hata moja.

"Bibi, kuna swali limenishinda tangu asubuhi," akasema. "Una orodha yako: moja, mbili, tatu. Katikati ukaweka maneno ya maelezo. Ukirudi kwenye orodha, unaendelea na nne au unaanza tena moja?"

Nikamuuliza orodha ya nini. Akanieleza kwamba yeye na wenzake mjini wanatunga namna ya kuandika kwenye kompyuta. Ni maandishi matupu, herufi tu, hayana mapambo. Mtu akitaka orodha anatia alama ndogo mwanzo wa kila mstari, ile ile kila mara, na mashine yenyewe inahesabu na kuweka namba. Ukichomeka mstari mpya katikati, namba zote zinajisogeza, hakuna wa kufuta wala kuandika upya. Alinieleza taratibu, kama anamweleza mtoto mzito. Nikamwacha amalize.

"Inaendelea," nikamwambia. "Mpaka mtu apige mstari wa kukata. Sisi tuliligombania hilo kisimani mpaka debe likapasuka."

Akaacha kubonyeza.

Nikaona bora niandike, kwa sababu kumsimulia mtu anayechekacheka ni kupoteza mate. Nimesoma darasa la pili shule ya misheni, na kisomo cha ngumbaru, kile cha watu wazima, juu yake. Nitaandika kama ninavyosema. Anayetaka maneno marefu atafute kwingine.

Uhuru ulinikuta msichana, Ujamaa ukanikuta mke wa mtu. Tulihamia kijiji kipya upande wa Sikonge, ndani ya miombo, kila familia na mizinga yake, majembe yake na kuku wake wamefungwa miguu. Tukapewa viwanja vimepangwa kwa mistari, nyumba inatazama nyumba. Wengine walinung'unika, wengine waliimba. Mimi nilifanya yote mawili. Kuwa na majirani ni kitu kizuri ukiwa umezoea kuishi na tumbili tu.

Shida ilikuwa maji. Kisima kilikuwa kimoja, na kiangazi kikikaza maji yalichuruzika usiku kucha ili asubuhi tupate ya kugawana. Wa kwanza alichota maji meupe. Kadiri watu walivyochota yaligeuka rangi ya chai, halafu rangi ya udongo, na wa mwisho alikwangua tope kwa kata akaenda kulichuja kwa kitambaa. Watu wakaanza kuamka mapema mno, wengine wakalala pale pale na madebe yao. Mwenyekiti wa kijiji akakasirika. Akasema zamu ziandikwe ubaoni, nyumba zipewe namba kwa kufuata mstari wa viwanja, na asiyesikia namba yake asisogelee kamba.

Kuandika nikapewa mimi, kwa sababu mkono wangu ulinyooka. Chaki haikuwepo. Ilikuwepo lami, imebaki kwenye pipa la watu wa barabara. Nikachukua ubao wa mninga, nikaandika namba kwa lami kutoka juu mpaka chini, na kando ya kila namba nikachora alama ya mzinga ya nyumba ile. Kwetu mtu akitundika mzinga msituni huchonga alama yake ubavuni, ili asali isipate baba mwingine. Huyu ana mguu wa kanga, huyu ana jicho, huyu ana mwezi mchanga. Sisi tulikuwa na upinde. Wengi hawakujua kusoma jina lao, lakini asiyejua alama ya mzinga wake sijamwona. Halafu watu wakaleta na madebe, nikayatia namba kwa lami ile ile. Ilikuwa kazi safi. Lami haifutiki, na mimi nilijisifu kwa hilo.

Basi namba zikawa majina. "Namba Tisa ana homa." "Namba Moja kaazima kinu hajarudisha." Namba Moja alikuwa mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, na njia nzima alibeba debe lake namba ikitazama mbele, watu waisome. Mimi nilikuwa Namba Tatu. Namba Nne alikuwa mke wa fundi cherehani, mama mwenye mdomo, ambaye alimfanya mumewe amtarizie nne kwa uzi mwekundu kwenye kitambaa cha kichwa.

Kati ya nyumba yangu na ya fundi palikuwa na kichuguu kikubwa, ndiyo maana hapakujengwa. Kiangazi kile wanaume walikisawazisha, na kiwanja kikapewa familia iliyotoka Tura. Mume alikuwa mtu wa reli, wa genge la kutengeneza njia, mpaka chuma kilipomwangukia mguuni. Sasa alitembea kwa fimbo na alitaka kulima. Mke alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Alikuwa mwanamke wa kucheka. Akitwanga alicheka, akikosea salamu za Kinyamwezi alicheka, na aliniita dada kabla hatujamaliza kusalimiana. Mimi si mtu wa kupenda watu haraka. Huyo nilimpenda.

Asubuhi alipokuja kisimani na debe lake jipya, lisilo na kitu ubavuni, kila mtu aliliangalia lile debe.

"Aandikwe mwisho," mke wa fundi akasema. "Amekuja mwisho."

"Mwisho hakuna maji," nikamwambia.

"Mimi ndiye niliyekausha kisima?"

"Nyumba yake inafuata yangu. Yeye anakuwa Nne, wewe unakuwa Tano."

"Nani, mimi?" Akashika kile kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili. "Nimelala Nne, nimeamka Nne, nimezaa nikiwa Nne. Leo niwe Tano kwa ajili ya mtu wa treni?"

Na waliomfuata nao wakaanza. Tano hakutaka kuwa Sita, Sita hakutaka kuwa Saba, na hivyo hivyo mpaka bondeni. Si wote walikuwa na ubaya. Kumwingiza mmoja ilikuwa ni kuubadilisha ubao wote na madebe yote, na lami ilikuwa imekwisha.

Mwenyekiti akatafuta njia ya katikati. "Tumwandike Tatu na Nusu," akasema. "Anaingia, na hakuna anayesogea."

"Na debe lake liwe nusu!" mtu akapiga kelele huko nyuma.

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yule mwanamke hakucheka, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona hacheki. Akapiga magoti kidogo mbele ya mwenyekiti kama inavyotakiwa.

"Mwenyekiti, shikamoo. Mimi nimekuja mzima. Nusu siwezi kuwa."

Akajitwika debe lake tupu juu ya ngata, akarudi nyumbani.

Jioni ile mumewe alikuja kukaa na mume wangu. Hakulalamika. Alisema tu kwamba kupanda tumbaku bila maji ya kitaluni hawezi, na kumwona mke mwenye mimba akiomba maji kila siku hawezi pia. Wakati wa kumwaga mbegu za tumbaku ukifika naye hana zamu, watarudi Tura, huko angalau stesheni kuna tangi. Mume wangu akamwambia asubiri. Asubiri nini, hakusema, maana hakujua.

Tangu hapo maji yangu ya nyumba moja yakawa ya nyumba mbili. Mama mkwe wangu, tuliyekaa naye, aliniangalia nikimimina.

"Mkamwana, kiu yako umempa nani?"

"Jirani, mama."

"Na yangu?"

"Yako pia."

"Vizuri. Nilitaka kujua nakufa kwa ajili ya nani."

Ndivyo alivyokuwa. Mwili wote ulikuwa umezeeka, ulimi bado. Baba yake alikuwa mpagazi wa njia ya misafara, alibeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani na kurudi, na yeye mwenyewe alisema amerithi kwake miguu na maneno.

Kisomo cha ngumbaru tulisoma alasiri, kwenye banda la kupangia tumbaku. Mwalimu alikuwa kijana mpole aliyemaliza darasa la saba, anamwamkia kila mtu shikamoo kabla ya kumsahihisha. Mama mkwe alijiandikisha kwa sababu, alisema, nyumbani hapana mtu wa kugombana naye saa hizo. Siku moja mwalimu akatuambia kila mtu aandike vitu vya nyumbani kwake, kimoja kila mstari, na namba mbele. Sisi tukaandika. Mwalimu akapita akiangalia, alipofika kwa mama mkwe akasimama.

"Bibi, umeandika moja kuku. Vizuri. Halafu moja jembe. Moja chungu. Moja mbuzi. Moja kinu. Zote moja."

"Eeh."

"Ya pili iko wapi?"

"Hiyo hapo chini ya ya kwanza. Wewe huioni?"

"Naiona, bibi, lakini imeandikwa moja."

"Kwani majembe ni mawili? Jembe ni moja. Liko mstari wa pili. Mimi niandike, na kuhesabu pia nikuhesabie? Hesabu mwenyewe, wewe ndiye mwalimu!"

Banda zima lilicheka. Mke wa fundi alilala juu ya majani ya tumbaku kwa kucheka. Mwalimu naye alicheka, lakini alimwachia ile karatasi bila kuisahihisha. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa mwandishi wa ubao na nilijua namba zinavyoandikwa.

Kesho yake nilikuwa nachambua tumbaku, jani refu huku, jani fupi huku, na lile neno halikunitoka. Hesabu mwenyewe. Nikaacha majani, nikamfuata mama mkwe uani, alikuwa anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu.

"Mama, kwa nini uliandika moja zote?"

"Jana ulicheka."

"Nilicheka. Niambie."

Akageuza michembe kwanza ili nijue amenikasirikia. Halafu akaniambia. Baba yake alisema msafara ukifika kambini kila mpagazi alitua mzigo, na mnyapara alichora kwa mkaa kijiti kimoja kwa kila mzigo. Kijiti kimoja tu. Hakuna mzigo ulioitwa wa pili wala wa ishirini. Aliyetaka kujua jumla alisimama akahesabu vijiti. Mpagazi akitoroka usiku na mzigo wake, kijiti kimoja kilifutwa. Akiongezeka mtu njiani, kijiti kilichorwa. Vingine havikuguswa.

"Sasa nyie mnaweka namba kama mnapiga chapa ng'ombe," akasema. "Mzigo ukitoka, mnaanza kulia."

Nikasimama pale na mikono yangu inanuka tumbaku. Nikaona ubao wangu wote. Kosa halikuwa kwa mke wa fundi wala kwa yule mgeni. Namba nilikuwa nimeigandisha kwenye nyumba, na namba haikai kwenye nyumba, inakuja mtu anapohesabu. Ukianza kusoma inazaliwa, ukimaliza imekwenda zake.

Kikao kiliitwa. Niliugeuza ubao upande wa nyuma, nikaupaka udongo mweupe ili mkaa uonekane na kitambaa kibichi kiweze kufuta. Nikaeleza. Kila nyumba kijiti kimoja na alama ya mzinga wake. Hakuna namba. Asubuhi mmoja wetu wa ngumbaru atapitisha kidole kutoka juu akihesabu kwa sauti: moja, mguu wa kanga, mbili, jicho, tatu, upinde. Kati ya nyumba na nyumba nimeacha nafasi. Mtu akija tunamchomeka mahali pake, na hesabu ya kesho itamkuta.

Mke wa balozi akainuka. "Kijiti hicho mimi nakiona kama moja."

"Ni moja."

"Na cha huyu?"

"Moja."

"Wote moja! Basi wa kwanza ni nani?"

Mama mkwe akadakia kutoka kwenye kigoda chake. "Wewe debe lako limeshaandikwa moja, una shida gani? Ni sisi wengine ndio tumepanda cheo."

Hata balozi mwenyewe alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti hakupendezwa sana. Alisema kijiji hakiwezi kuendeshwa kwa vijiti. Lakini alikuwa mtu wa haki, na lile la Tatu na Nusu lilikuwa limemkaa vibaya. Akasema tujaribu. Yakienda vibaya tutarudi kwenye lami, na mgeni atakubali nusu yake.

Nikamwita yule mwanamke mbele nimuulize alama ya mzinga wao. Hawakuwa na mzinga, kwao Tura mumewe hakuwa mtu wa asali. Akafikiri. Akachukua mkaa mkononi mwangu akachora mistari miwili mirefu na vipande vinavyokatiza.

"Ngazi?" mke wa fundi akauliza.

"Reli," akasema, na safari hii akacheka.

Siku za kwanza mambo yalikwenda. Tukakwangua namba kwenye madebe, tukachora alama. Mke wa fundi alikataa kufumua kitambaa chake. Akasema nne sasa ni jina, si zamu, na kweli mpaka leo waliobaki tunamwita Mama Nne. Nyumba ya wake wenza ndiyo iliyotusumbua kidogo. Mke mkubwa akataka kujua kama wao ni kijiti kimoja au viwili.

"Mume mmoja, mzinga mmoja, kijiti kimoja," nikamwambia. "Halafu chini yake ninasogea ndani upana wa kidole, ninaweka vijiti viwili vyenu wenyewe. Hesabu ya nje ikifika kwenu inasimama, mnahesabiana humo ndani, mkimaliza inaendelea na jirani."

"Na humo ndani mimi ndiye wa kwanza," mkubwa akasema.

"Mwambie na mume," mdogo akajibu, na kisima chote kikapiga vigelegele.

Halafu mwenyekiti akanituma niandike ubaoni amri ya kutofua nguo kisimani. Juu hapakuwa na nafasi. Katikati ilikuwepo, chini ya nyumba zetu kumi, juu ya nyumba ya wake wenza. Nikaiandika pale: NI MARUFUKU KUFUA KISIMANI.

Asubuhi iliyofuata msomaji alikuwa Mama Nne. Alihesabu vizuri, reli aliiita nne bila kukunja uso, akaendelea, akaikuta amri. Akaisoma herufi kwa herufi kwa sauti kubwa, kwa sababu alikuwa anajivunia kusoma, na sisi tukampigia makofi. Akavuta pumzi. Akashusha kidole kwenye mstari wa chini yake, akasema, "Moja!"

Mke mkubwa wa wake wenza hakungoja. Ameitwa moja, akaenda kwenye kamba. Kwenye kamba alikuwepo mke wa balozi, naye ameitwa moja, ndiyo kwanza anavuta. Huyu akashika, yule akashika. Debe likapanda likiwa limejaa, likagonga jiwe, likapasuka. Maji meupe, yale ya kwanza, yakarudi ardhini mbele ya macho yetu.

Kelele zilizofuata siandiki.

Mwenyekiti alikuja na shati halijafungwa. Aliuangalia ubao, aliliangalia debe. "Nilisema," akasema. "Ubao ugeuzwe. Turudi kwenye lami."

Yule jirani yangu alikuwa amesimama nyuma yangu kwenye mstari. Nilimsikia akitua debe lake chini, polepole, kama mtu anayetua kitu ambacho hatakibeba tena. Wakati wa mbegu za tumbaku ulikuwa umekaribia mno. Nilijua ubao ukigeuzwa, wataondoka.

Nikasema, "Mwenyekiti, vijiti havijakosea. Tumekosa kukubaliana jambo moja tu. Amri ikiingia katikati, hesabu inakufa au inapita?"

Mwalimu wa ngumbaru alikuwa amekuja na baiskeli yake kusikia kelele. Akaamkia watu, akamgeukia Mama Nne.

"Mama, mkiwa mnaimba kwenye kulima, mtu mmoja akikohoa katikati, wimbo mnauanza upya?"

"Tuuanze upya kwa sababu ya kikohozi chake? Tunaendelea."

"Amri ile ina kijiti mbele?"

Mama Nne akausogelea ubao akaangalia. "Haina."

"Basi ni mtu kakohoa."

Halafu Mama Nne akajipiga paja. "Ningejua! Kisicho na kijiti, nakisoma na kukipita. Na kama kweli mnataka nianze upya, mtanionyeshaje?"

Mwalimu akachukua mkaa akachora chini kabisa ya ubao mstari mmoja, kutoka ukingo mpaka ukingo. "Ukiona umekatwa hivi, ndiyo unaanza moja. Siku tukichimba kisima cha pili, wa kisima kile wataandikwa chini yake."

Mwenyekiti akaangalia ule mstari na chini yake palipokuwa patupu. Nadhani ni kile kisima cha pili kilichomlainisha, kwa sababu alikuwa anakiomba wilayani kwa muda mrefu. Akafunga vifungo vya shati. Akasema ubao ubaki.

Ningependa kusema yaliishia hapo. Lakini kabla hatujatawanyika, mzee wa nyumba ya mwisho, fundi wa mizinga, mtu asiyesema sana, aliinua kata yake tuione. Ndani mlikuwa na tope kavu la jana.

"Sina neno na mgeni," akasema. "Ila mmemchomeka mmoja juu, na mimi chini nimedondoka. Zamani nilikuwa nakwangua maji. Sasa nakwangua ardhi."

Alisema kweli. Kumpa mtu mahali si sawa na kumpa maji, na nilikuwa sijaliona hilo. Niliangalia ubao nikitafuta pa kumsogeza.

Aliyesema ni yeye, jirani. "Kule Tura," akaanza, kwa sauti ndogo, "treni ikisimama, haisemi nilianzia pwani lazima nirudi nianzie pwani. Bendera ya kijani ikiinuliwa, inaondoka pale pale iliposimama."

Wakamwangalia.

"Hesabu nayo si lazima ianzie juu kila siku," akasema. "Maji yanapokwisha, tufunge kitambaa cha kijani kwenye kijiti cha yule aliyekosa. Kesho tunaanza hapo. Tukifika chini, tunarudi juu."

"Na mimi?" mke wa balozi akauliza. "Siku hiyo nitakuwa wa ngapi?"

"Utakuwa vile utakavyohesabiwa, shemeji," mama mkwe akamwambia. "Kama mizigo mingine."

Fundi cherehani alitoa kipande cha kitambaa. Nikapigilia misumari midogo ukingoni mwa ubao, kila nyumba msumari wake, na asubuhi ile ile kitambaa kikafungwa nyumba ya mwisho kabisa. Kesho yake yule mzee wa mizinga aliitwa moja. Alichota maji meupe, akayaangalia, akanywa kwanza kwa kiganja, akajitwika debe akarudi nyumbani.

Kitambaa kikaendelea kuzunguka. Kiangazi kilikuwa kikali na maji yalikuwa yakiishia popote yanapotaka. Siku moja yakaishia kwangu. Nilikwangua tope nikajaza nusu debe, nikafunga kitambaa kwenye msumari unaofuata.

Asubuhi tulikuta umande kwenye ubao. Msomaji alikuwa Mama Nne tena. Akaufuta kwa pindo la kanga, akatafuta kitambaa, akakipata kwenye reli. Akamwangalia yule mwanamke na mimba yake iliyokwisha kuwa kubwa.

"Moja," akaita. "Mtu wa treni, moja! Sogea, unatuchelewesha."

Akasogea. Tukamshikia kamba, maana hakuweza kuinama vizuri. Debe lilipanda limejaa, na maji yalikuwa meupe mpaka ungeweza kuhesabu kutu chini ya debe. Mama Nne akasema mbili, ambayo ilikuwa yeye mwenyewe, na hesabu ikaenda mbele ikiniacha nyuma, ikashuka, ikairuka amri ya kufua bila kukohoa, ikawangoja wake wenza wamalizane, ikaenda zake. Kwa kuwa ilianzia kwa jirani yangu, mimi nilikuwa wa mwisho. Maji hayakunifikia. Nikachukua debe langu tupu nikarudi, na njiani sikuwa na uchungu, nilikuwa nahesabu kesho zitakazokuja.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe mlangoni, anacheka peke yake. Ndani, kwenye mtungi wangu, maji yalikuwa yamejaa mpaka shingoni. Meupe.

"Nani kaleta?" nikauliza, kama sijui.

"Moja," mama mkwe akasema.

Nikatoka uani. Yule jirani alikuwa nyuma ya nyumba yake, pale kilipokuwa kichuguu, na mumewe ameketi chini amenyoosha ule mguu mbaya. Walikuwa wanachambua udongo wa kitalu kwa vidole, wanatoa mizizi. Mbegu za tumbaku zilikuwa pembeni, kwenye kibuyu. Aliponiona akacheka. Nilikaa chini upande wa pili wa kitalu nikaanza kutoa mizizi.